Makanda ya Mchele: Micheweni na Deni la Mvita

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika karatasi za Wareno zama za Ngome ya Yesu, lipo moja ambalo halijanitoka tangu nilipolikuta: makanda. Kanda, kama ajuavyo kila aliyelelewa karibu na wasusi, ni mfuko mrefu wa ukili wenye mdomo mwembamba, wa kutilia nafaka. Wareno walipomketisha mfalme wa Malindi juu ya kiti cha Mvita, baada ya kuanza kuijenga ngome mwaka 1593, walimwachia na kisiwa cha Pemba, kwa sharti la kukilipia kila mwaka kwa makanda ya mchele. Makarani wale walikuwa na vipimo vyao walivyotoka navyo Lisbon. Hata hivyo iliwalazimu kuandika neno la msusi wa ukili, kwa kuwa mchele ule haukuwa ukija katika chombo kingine.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwa miaka mingi nimeisoma tarehe ya mji wangu kupitia mashairi ya Muyaka bin Haji. Muyaka, aliyezaliwa karibu na mwaka 1776 na kufariki 1840, aliyaona yote: Wamazrui wakiwa na nguvu zao, vita vyao na Sayyid Said wa Omani, na kuanguka kwao mwaka 1837. Mashairi yake yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmishenari William Taylor, yakachapishwa na Hichens mwaka 1940, kisha Profesa Mohamed Abdulaziz akayafafanua upya mwaka 1979. Tumeyapima mizani, tumeyagombea mafumbo. Lakini katika mabaraza yote niliyoketi, sikumbuki aliyepata kuuliza swali la jikoni: mji ule uliokuwa ukitunga na kupigana, ulikula nini?

Sehemu ya jibu iko bara, kwa Wamijikenda waliouletea mji nafaka. Sehemu nyingine iko ng'ambo ya bahari, Pemba. Nililifuata hilo la pili hadi Micheweni, katika ncha ya kaskazini mashariki ya kisiwa.

Barabara itokayo Chake Chake kwenda Konde hupita katika Pemba ile isifiwayo na kila mgeni: vilima vilivyobanana, mikarafuu juu, mpunga mabondeni, na msimu ukiwapo, karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi kando ya njia hata gari zima likanukia. Waarabu waliiita al-Jazira al-Khadhraa, Kisiwa cha Kijani. Yaqut, mwanajiografia wa karne ya 13, alikitaja kwa jina hilo pamoja na miji yake miwili, Mtambwe na Mkumbuu. Wa kaskazini mashariki hakuutaja, nao ulikuwapo.

Konde njia hugawanyika, na hapo wageni wengi hukunja kushoto. Wanakwenda msitu wa Ngezi na fukwe za huko nyuma yake. Nilijipa siku moja ya upande huo na siijutii. Msituni kuna kivuli kinachokufanya usahau kuwa uko kisiwani, na juu ya miti hulala popo wa Pemba, mnyama mkubwa alaye matunda ambaye hapatikani pengine popote duniani. Aliwindwa hata akakaribia kwisha, kisha wanavijiji wenyewe wakaamua kumlinda. Kutoka msituni nilitembea hadi ufuko uitwao Vumawimbi. Sina la kusema juu ya ufuko huo ambalo jina lake halijalisema. Aliyeunganisha kitenzi kile na nomino ile alikuwa amemaliza kazi. Mbele zaidi, Ras Kigomasha, umesimama mnara wa taa wa chuma walioujenga Waingereza, na anayetaka kuogelea, kuvua au kutembea mchangani kutwa nzima bila ya kukutana na mtu, huko ndiko kwake.

Mimi nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa upande wa kulia.

Ukielekea Tumbe na Micheweni, ardhi hubadilika chini ya miguu yako. Vilima hushuka, mikarafuu hupungua kisha hutoweka, na udongo mwekundu huacha nafasi kwa maweni, jiwe la matumbawe lililochongoka, lenye vichaka vifupi na mihogo iliyopandwa katika mifuko ya udongo baina ya miamba. Micheweni yenyewe ni mji mdogo, makao makuu ya wilaya iitwayo kwa jina hilo. Wanaume wanavua. Wanawake wanapanda mwani pwani maji yakitoka, na kando ya njia huonekana watu wakivunja mawe kwa nyundo na kuyapanga mafungu ya kokoto za kuuza. Tafiti za mapato za Serikali zimeitaja wilaya hii mara kwa mara miongoni mwa zilizo maskini zaidi Zanzibar. Msafiri akiishia kutazama hayo, atadhani kuwa ndivyo palivyokuwa tangu dunia kuumbwa.

Kumbe baina ya Tumbe na ghuba ya Micheweni, katikati ya mashamba ya mihogo, umelala mji.

Nilioneshwa njia na mzee mmoja niliyemkuta akipalilia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Kuja leo, mwanangu?" Nilisita. Sikio langu la Kimvita lilisikia kitenzi kisicho na mtu ndani yake, kuja, nikawa nasubiri sentensi iishe. Ilikuwa imekwisha. Katika Kipemba *ku-* hiyo ni wewe, kama ambavyo *ka-* ya "kaja" ni yeye. Aliniuliza kama nimekuja leo. W. H. Whiteley alichapisha mwaka 1958 kitabu kidogo juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, na nilikuwa nimekisoma kabla ya safari, nikajiona mjuzi. Kusoma si kama kuulizwa. Mzee alinihurumia, akarudia kwa Kiswahili cha redio, "Umekuja leo?" Nikaona haya, maana mwenye kubadilisha ulimi alikuwa yeye, kwao, shambani kwake, kwa ajili ya mgeni aliyejiita mpenzi wa lugha.

Mji wenyewe huitwa Chwaka, na wenyeji huuita pia Haruni, kwa jina la mtawala ambaye masimulizi yanamfanya kuwa mtoto wa Mkame Mdume, yule jabari wa Pujini. Kuta za msikiti mkubwa zimebomoka, lakini kibla bado kinajulikana. Upo msikiti mdogo na makaburi yaliyojengwa kwa mawe, na kando yapo makaburi mengine, ya baadaye, yanayoitwa ya Wamazrui. Niliyasimamia hayo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Majina haya nimeyajua tangu utotoni kama majina ya watu wa Mombasa. Sikujua kuwa wengine wao wamelala hapa, wakiitazama ghuba.

Mwanzoni mwa karne hii waakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba hapa pamoja na wenzao, na waliyoyapata yananifanya niamini kuwa ncha hii ya Pemba ni mojawapo ya mahali pa kujifunzia jinsi uungwana wa pwani ulivyojengeka. Kwanza palikuwa na Tumbe ya kale, kijiji kikubwa cha karne ya 7 hadi ya 10. Watu wake walikuwa mafundi wa shanga za makombe ya baharini: vimepatikana zaidi ya vigae elfu mbili vyenye mifereji, walivyotumia kusugulia shanga hata zikawa mviringo. Kijiji kile kikahamwa. Baada ya takriban karne moja, hatua chache kutoka hapo, ukaanza mji wa Chwaka, ulioishi toka karne ya 11 hadi kuelekea ya 16. Nyumba zake nyingi zilikuwa za miti na udongo. Jiwe walimwekea Mungu na wafu: katika uhai wa mji ule ilijengwa misikiti minne.

La kunishangaza zaidi lilitoka katika majivu. Sarah Walshaw alizichambua punje zilizoungua katika meko ya miji hii miwili. Watu wa Tumbe ya kale walikuwa walaji wa mawele hasa. Watu wa Chwaka, tangu karne ya 11, walikuwa walaji wa mchele. Mpunga si zao la asili ya huku. Ulivuka bahari, na unataka maji, bonde, na kazi kubwa kuliko mawele. Watu hawabadilishi chakula chao cha kila siku kwa jambo dogo. Badiliko hilo lilikwenda sambamba na kukua kwa mji, kuenea kwa Uislamu na karamu, na Fleisher amezisoma karamu hizo katika mabakuli yaliyoachwa. Nikifikiri juu ya lugha yetu, naona athari yake mpaka leo. Tuna mpunga shambani, mchele ghalani, wali sahanini. Ubwabwa wa mtoto na mgonjwa. Makapi, chenga, wishwa na ukoko. Lugha haikigawanyi kitu namna hiyo isipokuwa kwanza imekihangaikia. Siku moja baadaye, bondeni, mama mmoja aliniambia kwamba watoto wake wamekwenda kuamia, na akanyoosha mkono kuonesha dungu juu ya mpunga uliokuwa ukianza kuchanua. Kuamia ni kulinda nafaka isiliwe na ndege, na dungu ni kilingo akaacho mlinzi. Yote mawili niliyajua kutoka kamusini tu. Kwake yalikuwa habari za kutwa ile.

Basi Wareno hawakuibuni Pemba ya mchele. Waliikuta, ikiwa na umri wa miaka mia tano. (Vitabu vya watalii hupenda kusema kwamba kitu walichokiacha Wareno Pemba ni mchezo wa ng'ombe. Mimi naona katika hesabu zao za makanda kuna ushahidi mzito zaidi kuliko katika pembe za ng'ombe yeyote.) Walipofukuzwa, mchele haukukoma kwenda Mvita. Kuanzia katikati ya karne ya 18 Pemba ilikuwa chini ya Wamazrui, waliokiongoza kisiwa kwa maliwali wao, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeandika tarehe ya ukoo wake, ameeleza kwa urefu jinsi walivyokipigania. Ukiisoma tarehe hiyo na ramani mkononi, makaburi yale ya Chwaka hayahitaji ufafanuzi. Mtu huzikwa karibu na ghala lake.

Mwaka 1823 majeshi ya Sayyid Said yaliwanyang'anya Wamazrui kisiwa cha Pemba. Walijaribu kukirudisha na wakashindwa. Mara nyingi tunahadithiwa tukio hili kama pambano moja katika msururu wa mapambano, lakini tazama walichofanya mara baada yake. Februari 1824, Kapteni Owen wa jeshi la maji la Kiingereza alipotia nanga Mombasa, Wamazrui walikubali kuipandisha bendera ya Uingereza juu ya ngome, na katika sharti walizoziweka ilikuwamo kurudishiwa milki zao, Pemba ikitajwa kwa jina. London haikuukubali mkataba ule, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Watawala wenye kiburi kile, ambao Muyaka aliwasifu kwa kukataa kuinama, waliinama kwa mgeni kwa ajili ya kisiwa cha mchele. Muyaka alikuwa mtu mzima wa makamo wakati huo. Tangu nirudi Micheweni siwezi tena kusoma mashairi yake ya vita bila ya kujiuliza bei ya pishi sokoni ilikuwa kiasi gani wiki ile.

Kwa Mombasa ule ulikuwa mwanzo wa mwisho. Kwa kaskazini mashariki ya Pemba, naona, ulikuwa mwanzo wa kusahauliwa, ingawa ilichukua nusu karne kudhihirika. Utawala wa Sayyid uliigeuza Pemba uso, ukaacha kutazama Mvita ukatazama Unguja. Kisha ikaja karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu duniani, kwa jasho la watumwa kwanza na la vibarua baadaye. Mkarafuu unataka udongo mzito wa vilima vya magharibi na katikati, haupendi maweni. Utajiri ukahamia Wete, Chake Chake na Mkoani, zilizo na bandari za magharibi, na kisiwa kilichokuwa kikiuza mchele kikaanza kuununua. Micheweni haikuwa maskini tangu dunia kuumbwa. Iliachwa upande usiokuwa na biashara.

Watu wake, lakini, hawakuisahau njia ya zamani. Kutoka pwani hizi jahazi hufika Shimoni na Vanga kwa upepo mzuri katika safari ya kutwa, na wavuvi wa Kipemba wamekuwa wakihama na kuhamia kwetu vizazi na vizazi. Januari 2001, askari walipowapiga risasi waandamanaji Pemba baada ya uchaguzi uliogombaniwa, Micheweni ikiwa miongoni mwa miji iliyomwagikwa na damu, watu zaidi ya 2,000 walivuka kwenda Shimoni kutafuta hifadhi. Nakumbuka habari zile magazetini. Nakumbuka pia tulivyozungumza barazani, kana kwamba wametujia watu wa mbali.

Hapa lazima niseme jambo linalonihusu. Nilipokuwa kijana, neno "Mpemba" midomoni mwetu lilikuwa nusu ya dhihaka. Tuliiga matamshi ya wavuvi waliokuja kuuza samaki, tukacheka, na mimi nilikuwa hodari wa kuiga kuliko wenzangu. Wengi wa watu wale walizaliwa Kenya, na wazazi wao pia, nao hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote: hawakuweza kuandikisha chombo, kufungua hesabu benki, wala kupeleka mtoto mtihanini bila ya kubahatisha. Ni mwaka 2023 tu Serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi Wapemba kuwa miongoni mwa jamii zake na kuanza kuwapa uraia. Makanda yalikwenda Mvita kwa karne mbili na zaidi, na wenye makanda wakangoja hadi mwaka huo.

Katika ushairi deni limeanza kulipwa kidogo. Mwaka 2011 kilitoka kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*, chenye tungo za Kamange na Sarahani, mabingwa wawili wa kisiwa hicho, na mhariri wake alikuwa Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa. Nilikuwa nacho mkobani. Nilimwonesha mwenyeji wangu wa Micheweni, mwalimu aliyestaafu, akakifungua katikati, akasoma beti mbili tatu kwa sauti, akacheka mahali ambapo mimi sikuwahi kuona kichekesho. Nilimwuliza sababu. Akanifafanulia neno moja, ambalo nilikuwa nimelipitia miaka yote nikidhani ni kosa la uchapaji, na nikachukua kalamu nikaliandikia pembeni. Tuliendelea hivyo hadi adhana ya magharibi: yeye akisoma, mimi nikiandika, na mkewe akitokeza mlangoni mara kwa mara kutusahihisha sote wawili, kwa kuwa yeye alizaliwa Msuka na alidai kuwa huko ndiko Kipemba kilikobaki.

Usiku ule tulikula wali kwa mchuzi wa changu. Niliusifu, nikauliza kama mpunga wake ni wa bonde nililolipita. Mama alitabasamu. Wa bondeni, alisema, huwekwa kwa Idi na kwa harusi, na mwaka huu haukufika hata huko. Huu wa kila siku tunanunua. Alinionesha penye pembe ya jiko. Lilikuwa polo la nailoni, jeupe, limechapwa picha ya shada la mpunga na maandishi ya lugha nisiyoijua, limekuja kwa meli kutoka Asia, njia ile ile uliyokuja mpunga wa kwanza.

"Na kanda," nikauliza, "mnalo?"

Mwalimu akamtazama mkewe. "Lilikuwapo la mama," alisema mama, "tukitilia mchele. Lilipotoboka sikupata wa kulisuka."

Akaniongeza wali.